Nyuki wa Ghala la Kahawa

Jumapili, 22 Februari

Maboga yangu yanaoza kabla hayajawa maboga. Ua la kike linafunguka alfajiri, linakaa wazi mpaka saa nne, linajikunja, na baada ya siku mbili tatu kile kiboga kilicho chini yake kinageuka njano, kinalainika, kinadondoka. Leo nimeokota sufuria nzima. Ukikiminya kimoja kinatoa majimaji kama usaha. Nimewamwagia kuku, kuku wamevigeuzageuza na kuondoka zao.

Shida ni nyuki. Mwaka jana wakati kama huu bustani yangu ilikuwa inavuma tangu jua linapochomoza. Nilikuwa nafunga kitambaa usoni ninapokwenda kuchuma matango. Leo baada ya Misa ya kwanza nimeweka kigoda katikati ya maboga, nikakaa mpaka jua likanichoma utosi. Nimeona nyuki wawili tu. Mmoja alikuwa anatambaa chini, mabawa yamegandana mgongoni kama nywele za mtu aliyetoka mvuani.

Nimemwambia kaka Projestus. Amesema ni hali ya hewa, tuombe. Sawa, tuombe. Lakini mimi ndiye ninayekula kwa bustani hii, na pesheni nazo zimeanza kudondosha maua.

Jumatano, 25 Februari

Jua. Nyuki hakuna. Matango yanatoka yamepinda, upande mmoja mnene, upande mwingine umesinyaa. Sokoni Rubya hakuna anayeyagusa.

Jumamosi, 28 Februari

Chini ya migomba, pale kibanja chetu kinapopakana na shamba la Ta Rwekaza, baba yetu mkubwa, nimekuta lundo la nyuki waliokufa. Lundo la kujaza ungo. Wameshikana kama nywele zilizotolewa kwenye bomba la bafuni. Nilipowagusa walininata vidoleni, na walikuwa na harufu ya kitu kilichochacha. Kuku mmoja alikuwa anawadonoa, nimemfukuza kwa jiwe. Nimenawa kwa sabuni, nikanawa tena, na bado nahisi vidole hivi si vyangu.

Upande wa pili wa mpaka yuko Mustapha. Amekodi shamba la Ta Rwekaza tangu mwezi wa kumi, analima matikiti. Kwao ni Ukerewe. Amekaa visiwani miaka mingi akichuuza dagaa, na hata sasa haachi. Kila baada ya wiki mbili anakwenda ziwani na kurudi na magunia, anayapanga barazani, na upepo unaniletea yote. Harufu ile naijua. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha minofu Mwanza, na kitu cha kwanza nilichomshukuru Mungu ndoa yangu ilipovunjika ni kwamba sitainusa tena. Sasa nainusa kitandani.

Jana jioni nilimwona na bomba la dawa mgongoni, anapuliza. Leo nyuki wamekufa. Anayetaka ushahidi zaidi ya huo ana matatizo yake.

Jumapili, 1 Machi

Kaka ameongoza ibada ya jumuiya vizuri sana. Nikimwangalia namwona baba: ile sauti, ule mkono anaouweka kwenye bega la mtu. Yuster, jirani yetu wa juu, alilia kwa ajili ya mama yake ambaye kidonda cha mguuni hakiponi. Kaka akaenda ndani akatoka na chupa ya asali, akampa bure. "Mpake asubuhi na jioni," alisema. "Hii ni ya porini Biharamulo, naifuata mwenyewe." Akainua chupa juani ili wote tuone. Ndani kulikuwa na nyuki watatu wamelala. "Ukiona nyuki ndani, ujue hujadanganywa."

Watu wanatoka mpaka Muleba mjini kuifuata asali yake. Mimi mwenyewe kila asubuhi natia vijiko viwili kwenye uji. Niliporudi na masanduku yangu, ukoo wote ulisema mwanamke hapewi kibanja. Yeye peke yake alisimama akasema nyumba ya mama ni ya Evelyne mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Sina namna ya kumlipa.

Nimemweleza habari ya lundo mpakani. Aliuliza: "Upande wa Mustapha?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

Ijumaa, 6 Machi

Leo nimesema, na nimesema mbele ya watu.

Tulifanya Njia ya Msalaba nyumbani kwa Yuster. Tulipokuwa tunatoka, Mustapha akapita njiani anasukuma baiskeli, bomba la dawa limefungwa nyuma. Nikamsimamisha.

"Mustapha, unapuliza nini kwenye matikiti yako?"

"Dawa ya wadudu, dada. Ile wanayouza madukani Muleba. Napuliza jua likizama."

"Jua lizame lisizame, nyuki wetu wamekwisha. Nimekuta lundo lao mpakani kwako."

Akasimamisha baiskeli vizuri. "Si mimi, dada Evelyne. Hebu fikiri. Tikiti lisipoguswa na nyuki halishiki. Yangu pia yanadondoka, njoo uone. Sasa niwaue ili nile nini?"

Hapo ningeweza kufikiri. Lakini upepo ukageuka, nikapata ile harufu, na hasira ikanipanda.

"Wewe hujui kulima," nilimwambia. "Wewe ni mtu wa dagaa. Umekuja na uchafu wa mwaloni, huko wavuvi wanakoshushia samaki, umetujazia nzi, sasa unatujazia sumu. Unanuka, Mustapha. Ukipita njiani hatuhitaji kukuona, tunajua tu umepita."

Wanawake walicheka. Yuster alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Kemilembe, mke wa kaka, ambaye hacheki kitu, aliinamisha uso. Nilidhani anaficha kicheko. Kaka akasogea na msalaba mkononi akasema, "Tumsamehe, huenda hakujua. Ila jambo hili tutalifikisha kwa mwenye shamba."

Mustapha alisukuma baiskeli yake akaenda.

Nimejisikia vizuri jioni yote.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Hatimaye.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tangu usiku. Choo kimejaa maji, funza wanapanda ukutani. Sijatoka.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianze wapi. Nimetapika mpaka kifua kinauma.

Asubuhi jua lilitoka kali baada ya mvua, nikasema leo nipalilie. Panga langu liko kwa kaka, nikashuka kulichukua. Kaka alikuwa amekwenda Muleba. Kemilembe naye hakuwepo, nafikiri alikuwa chemchemi. Nikiwa uani nikasikia mvumo. Nyuki! Si nyuki mmoja wala kumi. Mvumo mzito, kama ule wa bustani yangu mwaka jana, ila mara mia. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema kumbe hawajafa, wamehamia huku, kundi limejenga mahali. Nikaufuata mvumo mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ghala la kahawa la marehemu baba.

Ghala lile kaka hulifunga. Anasema anaweka asali, anaogopa wezi. Leo kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Nyuki walikuwa wanaingia kwa dirisha lenye ubao uliovunjika, wanamiminika kama maji kwenye tundu. Waliokuwa wanatoka walikuwa wachache. Nikasukuma mlango.

Mapipa ya bluu matatu, bila vifuniko. Mwanzoni sikuelewa kilichomo, kwa sababu juu kulikuwa na zulia la kahawia, na zulia lilikuwa linatikisika. Ni nyuki. Waliokufa wametanda juu ya maji mazito ya sukari, na walio hai wanatembea juu ya maiti wakinywa, wanateleza, wananata, wanapiga mabawa, wanazama, wengine wanawakanyaga. Harufu ilikuwa ya sukari iliyoungua na pombe iliyolala. Ukutani mifuko ya sukari imepangwa mpaka kiunoni kwangu. Jiko la mkaa. Sufuria kubwa nyeusi yenye ukoko. Kwenye kamba kilianikwa chandarua kuukuu, kimejaa miguu na mabawa. Na juu ya ungo, nyuki waliooshwa wametandazwa wakauke, mmoja mmoja, kwa uangalifu.

Kando yake chupa. Safi, zimejaa, zimepangwa mstari. Katika kila chupa, nyuki watatu.

"Wifi, funga mlango, watakuuma."

Kemilembe alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani.

"Hii ni nini?" Nilimuuliza, ingawa nilikuwa naiona.

"Unaona mwenyewe."

"Na asali ya Biharamulo?"

"Mwaka wa kwanza ilikuwepo." Alitua ndoo. Aliongea taratibu kama mtu anayesoma tangazo la kanisani. "Halafu ikawa nusu kwa nusu. Sasa ni hii. Anataka mapipa yakae wazi ili wanaswe wengi. Anasema watu hawaamini chupa isiyo na nyuki. Wazuri wanaingia kwenye chupa. Waliopondeka natupa."

"Unawatupa wapi?"

Nikamshika mkono.

"Migombani, mpakani na Mustapha. Zamani nilikuwa natupa shimoni. Juzi juzi akasema shimo limejaa, nitupe pale."

Nilitoka nje nikatapika kwenye kisiki cha mgomba. Kila asubuhi, vijiko viwili. Maji ya nyuki waliooza, yaliyochujwa kwa chandarua alicholalia mtu. Na kila asubuhi nilikuwa nasema, Mungu ambariki kaka.

Kemilembe alinimwagia maji ninawe uso. Sikuweza hata kumwambia ahsante. Nilikuwa naangalia vidole vyake, vina rangi ya sukari iliyoungua kwenye kucha, na nikakumbuka kwamba siku ile kwa Yuster hakuwa anacheka.

Jumapili, 15 Machi

Kaka amekuja mwenyewe baada ya Misa, amevaa shati jeupe. Kemilembe amemwambia. Aliketi kwenye kiti cha mama bila kukaribishwa.

"Nimesikia uliingia ghalani."

"Umewanywesha watu maiti, kaka."

Akatabasamu. Lile tabasamu analompa mgonjwa. "Sukari ni chakula, Evelyne. Na nyuki, hata wanaolina asali porini wanawakuta ndani. Nani amekufa?"

"Nyuki wamekufa. Bustani za watu zimekufa. Ndio maana maboga yangu, na ya Yuster, na matikiti..."

"Nyuki wanakuja wenyewe. Sijamshika hata mmoja mkono."

"Na Mustapha? Ulimwambia Kemilembe awatupe mpakani kwake."

"Mustapha si wa hapa," alisema kwa upole, kana kwamba hilo ni jibu. "Leo yuko, kesho anarudi visiwani. Mimi na wewe tunazikwa hapa. Ulipokuja na masanduku yako, nani alisimama mbele ya wazee?"

Nikaanza kukusanya vyombo vya mezani.

"Nauliza tu. Nani?"

"Wewe."

"Basi." Juu ya meza kulikuwa na chupa yangu, ile ya uji. Akaifungua, akachovya kidole chake cha shahada, akakilamba taratibu huku ananiangalia, akafunga. "Mbona tamu," alisema, akaenda zake.

Nimeitupa chupa chooni. Kiti cha mama nimekisugua kwa majivu. Kile kidole sikioni na bado nakiona.

Jumatatu, 16 Machi

Uji mtupu. Haushuki.

Ijumaa, 20 Machi

Leo baada ya Njia ya Msalaba waliitana kwa Ta Rwekaza. Nilijua wanaitana kwa jambo gani na nilikwenda.

Kaka alianza kwa sala. Akasema hana chuki na mtu, ila jumuiya inalia. Akataja maboga, pesheni, maharage. Akanitaja mimi: "Dada yangu ndiye aliyeona lundo kwa macho yake." Watu wote wakanigeukia. Mustapha alikuwa amesimama mlangoni, hakupewa kiti, naye akanigeukia.

Ta Rwekaza ni mzee, hasikii vizuri. Akaniuliza kwa sauti, "Evelyne, ni kweli uliwaona?"

Nikasema kwa adabu ya Kihaya, "Niliwaona, waitu."

Ni kweli. Niliwaona. Ulimi wangu uliishia hapo hapo, ukakaa mdomoni kama kipande cha nyama iliyoharibika. Nilifikiria nyumba, paa, mlango wa mbao aliounyoosha kaka. Nilingoja mtu aulize swali la pili. Hakuna aliyeuliza.

Ta Rwekaza akamwambia Mustapha avune atakachovuna, aondoke ndani ya wiki. Mustapha akasema, "Hakuna cha kuvuna, mzee. Hayakushika." Akatoka.

Nimerudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha mama. Kaka na mimi tuna mdomo mmoja. Sikuwahi kuuona hivyo.

Jumapili, 22 Machi

Mustapha ameondoka na pikipiki ya kukodi, magunia mawili na godoro. Majani ya matikiti yamebaki yametanda, kijani kizuri, bila tunda. Leo upepo umetoka upande wake wote na haunuki kitu. Sijapata nafuu yoyote.

Jumatano, 25 Machi

Yuster aliniita nimsaidie kumgeuza mama yake. Nilipofika mlangoni nilijua kuna jambo. Kulikuwa na mstari wa sisimizi, wale wa sukari, wanapanda kwenye mguu wa kitanda.

Tulifungua kitambaa. Walikuwa ndani ya kidonda. Wanaingia na kutoka, wamebeba. Asali ya kaka ilikuwa imeganda pembeni chengachenga, nyeupe, imechanganyika na usaha, na katikati kulikuwa na bawa la nyuki. Bibi alikuwa halii. Alisema, "Unawasha tu, wanangu, unawasha."

Yuster alilia. "Nimempaka asubuhi na jioni kama alivyosema. Labda naikosea. Labda sikuosha mikono."

Tuliosha kwa maji ya chumvi. Nilitoa sisimizi mmoja mmoja kwa kucha zangu. Nikamwambia Yuster asimpake tena kitu hicho, ampeleke hospitali kesho asubuhi. Akauliza, "Kwa nini? Si ni ya Projestus?"

Nikasema, "Usimpake tu."

Usimpake tu! Nimeandika hapa ili nione lilivyo. Mwanamke anajilaumu mbele yangu kwa mikono yake, nami najua, na ninachompa ni maneno mawili.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Sikwenda Njia ya Msalaba. Nimewasikia wakiimba kwa mbali, sauti ya kaka juu ya zote.

Jumatatu, 30 Machi

Nimetoka Bukoba sasa hivi, nguo zimelowa, ila niandike kabla sijalala.

Nilipanda basi la asubuhi. Niliambiwa Mustapha yuko mwalo wa Nyamkazi, anauza dagaa. Nikapita katikati ya meza za samaki nimeziba pua na kanga, kisha nikaona aibu, nikaishusha. Nilimkuta anachambua, ameketi kwenye ndoo. Aliniona akaendelea kuchambua.

"Mustapha, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Nikamweleza yote: ghala, mapipa, chandarua, Kemilembe na lundo. Nikamwambia kwamba siku ya kikao kwa Ta Rwekaza nilikuwa najua tayari. Mkono wake ukasimama hapo.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na yule mzee alikuuliza."

"Aliniuliza."

Alicheka kidogo bila furaha. Wauzaji wenzake walikuwa wanapiga kelele zao, hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Akaangalia kulia na kushoto, kama anayetafuta mtu.

"Dada Evelyne," alisema, "ulinitukana njiani, mbele ya wanawake na watoto. Ulisema nanuka, wakacheka. Radhi yako umeileta huku Nyamkazi, ambako hakuna hata mmoja wao anayekusikia. Hii ni radhi ya nani? Naona ni ya kukusaidia wewe ulale."

Alirudi kuchambua.

"Mimi sina haja nayo. Kaseme kule kule. Kwa sauti ile ile."

Akaniuliza kama nataka dagaa, kwa sababu kulikuwa na mteja nyuma yangu. Nilinunua. Nimerudi nao kwenye basi wamefungwa kwenye mfuko mapajani, na watu wawili wamehama viti.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nimesema.

Leo Njia ya Msalaba ilipita barabarani, kijiji kizima, kituo kimoja kimoja kwenye nyumba za watu. Cha kumi na mbili kiliwekwa uani kwa kaka, kama kila mwaka. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya asubuhi, watu wamefunga, midomo mikavu. Tukapiga magoti, tukanyamaza. Na katika ule ukimya kila mtu aliusikia mvumo. Niliwaona wanageuza vichwa.

Tuliposimama nilimpita kaka, nikapanda kwenye jiwe la kufulia.

"Nina neno," nilisema. Halafu nikakumbuka, nikapaza sauti kama siku ile. "Nilimtukana Mustapha njiani mbele yenu. Nilisema anaua nyuki. Nilisema ananuka. Nilisema uongo. Siku ya kikao nilikuwa naujua ukweli, na nilinyamaza, kwa kuogopa kunyang'anywa nyumba. Nyuki wenu wako hapa nyuma. Wanazamishwa kwenye sukari, nanyi mnauziwa."

"Evelyne mgonjwa," alisema kaka. "Amekonda, mmemwona. Tuendelee na kituo."

"Twendeni ghalani," nikasema. "Ni hatua chache. Kama naumwa mtaniona."

Hakuna aliyesogea. Nilifikiri ndiyo mwisho wangu. Kisha Yuster akatoka katikati ya watu, akazunguka nyumba, na kufuli lilikuwa limefungwa. Akarudi amesimama hajui afanye nini. Kemilembe akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akaenda akafungua mwenyewe. Hakumtazama mumewe.

Waliingia wachache wachache, kwa sababu ya nyuki. Waliotoka walitoka wameziba midomo. Mtu mmoja alitema mate, akatema tena, hakuweza kuacha. Ta Rwekaza alishikwa mkono mpaka mlangoni, akainama, akaangalia pipa muda mrefu, akauliza, "Hii ndiyo ile mliyonipa ya kifua?"

Yuster alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoka na konzi ya nyuki, inachuruzika, inanata, wengine bado wanatikisa miguu, wakimuuma na yeye hajali. Alitembea nayo mpaka kwa kaka.

"Ulimwombea mama yangu," alisema. "Ulimwekea mkono kichwani, ukampa hiki."

Kaka hakuangalia ule mkono. Aliinua msalaba akaanzisha wimbo, ule wa kwenda kituo kinachofuata, kwa sauti yake nzuri ya baba. Aliimba mstari wa kwanza. Akaimba wa pili. Hakuna aliyempokea. Ninachokumbuka zaidi ya vyote ni hicho: watu wote wale, na sauti moja peke yake, mpaka ikakatika katikati ya neno.

Ndani ya ghala Kemilembe alikuwa anapindua mapipa.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Nimemtumia Mustapha ujumbe: *Nimesema kule kule.* Jioni amejibu: *Nimesikia. Ta Rwekaza kanipigia.* Hakuongeza neno. Sina haki ya kutaka aongeze.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua kubwa. Uani kwa kaka panateleza sukari, nzi wa kijani wamejaa. Watu wanapita upande wa pili wa njia. Wawili wameniambia pembeni kwamba nilifanya vizuri, ila ningechagua siku nyingine isiyo Ijumaa Kuu.

Jumamosi, 18 Aprili

Ukoo umekaa. Kaka alikuwepo, amenyoa, shati jeupe. Aliomba msamaha kwa wazee kwa sala ndefu. Walimsamehe kabla hajamaliza. Kisha wakanigeukia mimi. Mmoja wa baba zetu wadogo akauliza kwa nini sikuja kwao kwanza, mambo ya nyumbani yakamalizwa nyumbani.

Nikasema, "Mustapha hakutukanwa nyumbani."

Ta Rwekaza peke yake alitikisa kichwa kukubali, au labda hakusikia. Wameamua nyumba ya mama irudi kwa Projestus. Nimepewa mpaka nivune maharage. Kaka alisema kwa upole kwamba hana haraka, nikahisi kile kidole tena.

Kemilembe alinisindikiza mpaka njiani. Nilimuuliza atafanya nini. "Nitaosha mikono," alisema, akanionyesha kucha zake. Bado zina rangi.

Nilipofika juu Yuster alikuwa ananisubiri barabarani na ufagio mkononi. Mama yake amerudi kutoka hospitali, kidonda kimeanza kushika nyama nyekundu. Alikuwa amekwisha kusikia uamuzi. Huku habari hazihitaji miguu.

"Usingoje maharage," alisema. "Chumba cha nyuma nimekifagia. Kinavuja kona moja, tutaweka sufuria."

Nikamwambia nilijua siku ile ya sisimizi, na sikumwambia.

"Najua," alisema. "Nilihesabu siku tangu ile ya kikao. Nilikukasirikia mpaka jana." Akanipa ufagio nimshikie, ajifunge kanga vizuri. "Kitanda chako kina uzito gani? Wawili tunakiweza?"

Tumekihamisha leo leo, kabla mvua haijaanza.